Ukuta Niliouonja Hotelini

Wanangu mnaojifunza uashi, mwaka jana nilikaa siku mbili katika hoteli ya kifahari kando ya ziwa, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu nilirudi nyumbani mzima. Si jambo dogo mtu wa umri wangu kuachwa chumbani peke yake na mito kumi na mmoja ya kulalia. Sita niliiteremsha sakafuni kwa adabu, minne nikaipanga kwenye kiti kama wageni waliokuja kunijulia hali, na mmoja nikaulalia. Asubuhi mhudumu alikuja, akairudisha yote kitandani. Tukaendelea hivyo, yeye na mimi, hadi siku ya kuondoka.

Hoteli yenyewe iko mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Garsen, kando ya mojawapo ya maziwa yale ambayo mto Tana huyaacha nyuma kila unapobadilisha njia. Bwana mmoja wa kikoloni aliijenga ile nyumba apate mahali pa kupumzika akichoka kuwaamuru babu zetu. Alipoondoka, wakaingia popo. Sisi watu wa mto tumeijua miaka yote kwa jina la Nyumba ya Popo. Sasa imefufuliwa, popo wamepewa notisi, na kibao kipya kina jina refu lenye neno urithi ndani yake. Urithi wa nani, kibao hakisemi.

Alhamdulillahi, mambo niliyoyaona ni mengi. Bafu lao halina paa. Nilipokuwa kijana, bafu lisilo na paa lilikuwa dalili kwamba makuti yamekwisha. Pale ni dalili kwamba mgeni ana uwezo. Taa za chumbani zimefifishwa makusudi, kama zile za koroboi tulizokuwa tukisomea juzuu hadi macho yanatoka machozi. Na karatasi ya chakula ilimweleza kambare wa mchuzi wa nazi kwa maneno mengi, mahali alipovuliwa na tabia zake, hata nikaona haya kumla mtu ninayemfahamu kiasi kile.

Mtauliza nilifikaje huko. Nilialikwa kwa sababu ya mpwa wangu Maro, mtoto wa dada yangu Hawa. Maro ni fundi mkandarasi, na ndiye aliyekarabati ukumbi wa kulia chakula, ule unaotazama ziwa. Katika kitabu wanachowawekea wageni vyumbani, waliandika kwamba alijifunza ufundi wa chokaa kwangu. Meneja, binti wa Nairobi anayeitwa Njeri, mwenye heshima zake, akasoma jina langu akasema huyu mzee aje tumshukuru. Aje na mtu mmoja wa kumsindikiza. Mke wangu alitangulia mbele ya haki, kwa hiyo nilikwenda na Hawa, ambaye ni mjane pia, na ambaye angekuja hata kama asingealikwa.

Hawa alitembea ndani ya hoteli ile kana kwamba Maro ndiye aliyelichimba na ziwa.

"Kaka, umeiona dari?"

"Nimeiona."

"Na ukuta umeuona?"

"Hawa, ukuta ni mkubwa. Ni vigumu kuukosa."

"Basi sema mashallah, usije ukautia jicho."

Nikasema mashallah. Wakati huo nilikuwa sijauonja.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo, maana naona wengine wenu mmeanza kutazamana. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shee, mtu wa Kipini, Mungu amlaze pema. Nilimwendea nikiwa nimemaliza chuo cha Kurani upande wa Hola nilikozaliwa, nikidhani kwamba nimeshaelimika, iliyobaki ni kulipwa. Mzee Shee akanipa mti wa kukorogea chokaa. Chokaa ikishachomwa, huzimwa kwa maji ikachemka yenyewe kama ugomvi wa mke na mume, kisha hulazwa shimoni miezi hadi iwe laini kama samli iliyoganda. Kazi yangu ilikuwa kukoroga shimo. Mwezi wa kwanza nilikoroga. Mwezi wa pili nilikoroga. Mwezi wa tatu nilipandishwa cheo, nikapewa shimo la pili.

Siku moja nikamwambia, "Mzee, hii si imeshaiva?"

Akaniambia, "Chokaa haina haraka nawe, kijana wangu. Wewe una haraka na nani?"

Na huyu Mzee Shee alikuwa akilamba kuta. Msicheke. Nyinyi mnazipapasa simu kutwa nzima na hakuna anayewacheka. Alikuwa anafika kwenye nyumba ya watu, anasalimia, anaulizia watoto, anaomba ruhusa, kisha anaulamba ukuta wao. Ukuta wa chokaa nzuri una vitundu vidogo visivyoonekana, unapumua, na ukiweka ulimi unauvuta, unanata. Ukuta wa simiti hauvuti ulimi. Umefunga mlango. Na kama nyuma ya simiti kuna unyevu uliokosa pa kutokea, utaonja chumvi, kwa sababu maji hutafuta ufa wa kutokea na chumvi hubaki pale ukingoni. Mimi nimetumia kipimo hicho miaka yangu yote ya kazi. Hakihitaji betri.

Nyumba zetu za zamani huku, zile za matofali ya udongo wa mto, zimesimama juu ya ardhi inayovimba masika na kupasuka kiangazi. Ukuta wa chokaa hucheza nayo kidogo kidogo, kama mzee anayebadilisha mguu akisimama. Simiti haichezi na mtu. Inasimama kiume mpaka inapopasuka, halafu inakunywa maji kwa ule ufa na kuyafungia ndani.

Haya yote Maro aliyajua. Nilimfundisha mwenyewe. Shida ni kwamba nilimfundisha na jambo jingine.

Miaka hiyo tulipewa kazi ya msikiti mmoja mkongwe kijijini, upande wa juu wa mto. Kamati ya msikiti ilikuwa ya watu wema sana, wema wanaokuja kukutembelea kila siku kuuliza umefika wapi. Ramadhani ilikuwa imebakiza wiki tatu. Chokaa yangu ilikuwa bado changa shimoni. Walitaka ukuta wa kibla uwe mweupe kabla ya mwezi kuandama, na mimi nilitaka waseme fundi huyu ni mwepesi. Nikaagiza simiti kutoka Hola, nikaichanganya na ile chokaa.

Maro, akiwa kijana mwenye ndevu tatu, akaniuliza, "Mjomba, si ulisema simiti kwenye ukuta wa zamani ni haramu?"

Nikamjibu, "Nyingi ni haramu. Kidogo ni makuruhu."

Makuruhu ni jambo lisilopendeza lakini lisilo na dhambi. Mnaona jinsi elimu ya dini inavyoweza kumsaidia mtu mvivu. Ramadhani ilikwenda vizuri, nikasifiwa, nikala futari katika nyumba nyingi kuliko tumbo langu lilivyostahimili. Masika yaliyofuata, plasta ikaanza kujivua kama nyoka. Ijumaa moja kipande kikamwangukia imamu begani katikati ya hotuba. Alikuwa akihutubia juu ya subira.

Niliirudia kazi ile yote kwa mikono yangu, kwa chokaa iliyolala muda wake. Lakini Maro hakuwepo kwenye kurudia. Alikuwa ameshapata kazi Malindi. Aliniona nikikosea na kusifiwa, hakuniona nikibandua. Nyinyi ambao siku moja mtakuwa na wanafunzi, tafadhalini, msiwaache waondoke kabla hawajayaona yote mawili.

Turudi hotelini. Siku ya pili asubuhi nilimsubiri Hawa kwenye ukumbi wa kulia. Ni mahali pazuri, sitaki kusema uongo. Boriti nyeusi za mikoko zimepita juu, ziwa liko mbele, kuna ndege kwenye matete. Chini ya boriti ya upande wa ziwa kulikuwa na meza ndefu ya watu kumi na wawili. Nikauona ufa mwembamba kama unywele ukishuka kutoka penye kichwa cha boriti, na kando yake ungaunga mweupe. Rangi ya juu ilikuwa ya chokaa, ya kizamani kabisa, nzuri. Nikaweka kiganja. Nikatazama huku na huku. Kisha nikaukwangua kidogo kwa ukucha, mpaka chini ya rangi, nikaulamba.

Ulimi haukunata. Chumvi ilinijaa mdomoni.

Nilipogeuka, kulikuwa na mama mmoja na mumewe, wageni, wamesimama mlangoni na kamera. Yule mama alimnong'oneza mumewe kitu. Mumewe akaishusha kamera taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi.

Njeri akaja mbio. "Mzee wetu, kuna shida na kifungua kinywa?"

"Hakuna, mwanangu. Nimeanza na ukuta."

Alipokwenda kuwatuliza wageni, nikapanda kwenye kiti. Viti vyao ni vya urithi, vizito, na mimi ni mrefu. Nikachukua ufunguo wa chumba changu, ule mkubwa wa shaba waliouchonga ufanane na wa kale, nikausukuma kwenye boriti pale inapoingia ukutani. Uliingia wote, kama kidole kwenye ugali.

Yule aliyeijenga nyumba, au tuseme mafundi wetu waliomjengea, waliacha nafasi ndogo kuzunguka kila kichwa cha boriti ili mti upate hewa. Maro aliona matundu yasiyopendeza. Akayaziba kwa simiti, akaupiga ukuta mzima simiti, akapaka chokaa juu yake kama poda. Misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita. Mti ulikuwa umeoza pale pale unapobebwa.

Niliteremka nikakaa. Nilikuwa na jambo zito kifuani. Dini imenifundisha kusitiri aibu ya ndugu yangu, na huyu si ndugu tu, ni damu ya dada yangu. Wenye hoteli walikuwa wamemwahidi kazi ya nyumba nyingine ya zamani, kubwa kuliko hii, na Hawa ameshalieleza soko zima la Garsen. Dini hiyo hiyo imenifundisha kwamba kazi ni amana, na chini ya amana hii kulikuwa na sahani kumi na mbili zimepangwa. Nikampigia Maro simu.

"Mjomba, karibu hotelini. Umeionaje?"

"Nzuri sana. Maro, ile chokaa uliilaza muda gani?"

Akasema, "Mjomba, mtandao huku ni mbaya."

"Uko Garsen. Namsikia fundi wa pikipiki jirani yako akigonga rimu."

"Mjomba, walitaka kufungua kabla ya Desemba. Na mchanganyiko wenyewe ulikuwa kidogo tu."

Neno lile, kidogo, lilinichoma kuliko alivyokusudia.

"Njoo ule chakula cha mchana," nikamwambia.

Kisha nikamwendea Njeri, nikamwomba asimkalishe mtu kwenye meza ndefu hadi Maro afike.

"Mzee, kuna kundi la watu kumi na wawili. Wameshapita Minjila, karibu wanafika. Na huo ukuta ulikaguliwa."

"Aliyeukagua aliulamba?"

Akanitazama kwa huruma. Nikaona nibadilishe mlango wa kuingilia. Nikamwambia kwamba kwetu mafundi wa chokaa tuna desturi: kazi ikikamilika, fundi hula chini yake yeye kwanza, yeye na watu wake, kabla ya mwenye nyumba. Mzee Shee hakuikosa hata mara moja. Na Maro, kwa bahati mbaya, wakati wa ukarabati alikuwa akilishwa nje, kwenye lango la jikoni, pamoja na vibarua wake. Desturi haijatimizwa.

Macho ya Njeri yakang'aa. Ukimwambia mwenye hoteli ya urithi kwamba ukuta una kasoro, atakutajia mkaguzi. Ukimwambia una desturi, atakuletea kitambaa cha meza. Mara moja ile meza ndefu ikahamishiwa veranda, na pale chini ya boriti ikawekwa meza ndogo na maua.

Nilikusudia kukaa pale mimi na Maro tu. Lakini Hawa alitokea amevaa dira lake la Idi, akaona maua, akajiketisha kabla sijafungua mdomo, mgongo wake ukutani. Nikamwambia, "Hawa, hapo kuna jua." Akasema, "Jua la kazi ya mwanangu halinichomi." Na mimi nikanyamaza. Kumbukeni kwamba nilinyamaza, nitalirudia.

Maro alifika amevaa shati safi, kofia mkononi. Aliingia akicheka na Njeri, kisha akamwona mama yake mahali alipokaa. Kicheko kilikatika.

"Mama, twende tukakae veranda. Kuna upepo mzuri."

"Hapa ndipo kazi yako. Keti ule, mjomba wako ana njaa."

"Mama, simama."

"Nisimame kwa nini? Wali umeshaletwa."

"Nimekuomba, mama. Simama."

Njeri alikuwa amesimama na sinia. "Fundi, kuna nini?"

Maro akanitazama. Mimi nikautazama wali wangu. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, yenye aya na mifano, na niliona kwamba nikiitoa nitamnyang'anya kitu ambacho ni yeye tu angeweza kukisema. Basi nikala tonge moja, ambalo sikulisikia ladha.

Maro alimshika mama yake mkono, akamvuta hadi katikati ya ukumbi. Sahani ikaanguka. Kisha akasema, "Madam, huu ukuta ni simiti. Wote. Vichwa vya boriti nimeviziba. Usimkalishe mtu humu."

Hapo na mimi nikasimama, kwa haraka kidogo. Subira ina mipaka yake chini ya boriti mbovu.

Njeri, namshukuru, hakupiga kelele. Aliweka sinia chini, akafunga milango ya ukumbi, akatia ufunguo mfukoni. Lile kundi la watu kumi na wawili likalishwa nje, mbali na ukuta, chini ya mikuyu. Tumbili wakawaibia chapati, na nasikia waliandika kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa raha kuu ya safari yao. Pale mlangoni pa ukumbi pakatundikwa tangazo kwamba umefungwa kwa ajili ya utafiti wa kihistoria. Sina ugomvi nalo. Ni kweli kwamba historia ilikuwa inachunguzwa, kwa tindo.

Msiniulize kama ukweli unalipa. Maro aliikosa ile nyumba ya pili. Aliibandua simiti yote kwa gharama yake, tofali kwa tofali, na mara hii aliilaza chokaa miezi yake yote, akikoroga mwenyewe. Nilikwenda kumsaidia siku za Jumapili. Siku moja nilimwambia habari za kipande kile kilichomwangukia imamu, ambacho hakukiona. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Mjomba, mbona hukuniambia wakati ule?" Nikamwambia kwamba nilikuwa nikitafuta nafasi, kwa miaka ishirini hivi.

Lakini Hawa aliacha kunisemesha. Si kwa sababu ya ile kandarasi, kama nilivyojidanganya mwanzoni. Alinijia mlangoni mara moja tu, tangu tuliporudi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Nikakaa pale na wewe unajua."

"Nilikwambia kuna jua."

"Jua," akasema, na akaondoka.

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimemwona kijana wake anahitaji kusukumwa, na nikamwacha mama yake awe ndiye mkono wa kusukumia. Ukimya wangu uliganda ukawa mpango kabla sijaukataa. Nimemwomba Mungu msamaha kwa hilo katika sala nyingi, na nilimtumia Hawa watu wa kuniombea radhi, mashemeji wawili na mwalimu wa madrasa. Aliwapa uji, akawaaga. Wiki zikawa miezi. Kwenye mazishi na harusi alinisalimu kama anavyomsalimu chifu.

Kisha ilifika siku ya kuitoa ile boriti. Maro alikuwa ameita wanaume wanne wa kuibeba. Walipoishika tu, ikakatika kichwani, kichwa kikabaki mikononi mwao bila uzito, na vumbi likawamwagikia. Maro akaokota kipande cha kile kichwa kilichooza, akakifunga kwenye gunia, akakipeleka kwa mama yake, akakiweka kwenye kizingiti cha jiko.

Maro ndiye aliyenisimulia. Hawa alikichukua kile kipande, akakivunja kwa vidole viwili kama mkate wa juzi. Akavunja tena. Aliendelea hadi kikawa unga mapajani mwake, akakaa nao muda mrefu. Halafu akakung'uta kanga, akamwambia mwanawe, "Hiki kilikuwa kiwaangukie watu kumi na wawili. Nenda kamwambie mjomba wako aje anywe chai."

Nilikwenda siku ile ile, baada ya sala ya alasiri. Hakutaja boriti wala jua. Aliniwekea kigoda, akanimiminia chai ya maziwa isiyo na sukari hata chembe, akaketi kunitazama nikiinywa. Niliimaliza yote, nikamshukuru Mungu, nikainua kikombe kuomba cha pili.